Kiingereza Kinatosha Luxembourg?

Wadogo zangu, mmeona Chuo Kikuu cha Luxembourg kina shahada za uzamili kwa Kiingereza, mnauliza kama hicho mlichotoka nacho kidato cha sita kitatosha. Cha kufaulia mitihani, kinatosha. Cha kuishia na kupatia kazi, hapana.

Chuo kilianzishwa 2003 na kinafundisha kwa Kifaransa, Kijerumani na Kiingereza. Shahada za kwanza nyingi huchanganya lugha. Jirani yangu anasomea ualimu: asubuhi mhadhara wa Kijerumani, mchana wa Kifaransa, jioni makala ya Kiingereza. Mwenyeji haoni ajabu, maana shule ya msingi amejifunza kusoma na kuandika kwa Kijerumani, na sekondari masomo mengi yakahamia Kifaransa. Sisi tuliokutana na baiolojia ya Kiingereza kidato cha kwanza tunaujua mhamo huo, ila wao Kifaransa wanakianza wangali wadogo. Hawakariri kama tulivyokariri.

Kozi yangu ni ya Kiingereza tupu. Lakini ngojeni kazi za kikundi. Mhadhiri akishatoka, wenzangu wanarudi kwenye Kifaransa chao, na nani aandike sehemu ipi inaamuliwa mbele ya macho yangu. Si kwamba wananitenga, wamechoka tu. Nikiuliza wananitafsiria, kwa kifupi, na utani umeshapita.

Nje ndiyo zaidi. Chuo kiko Belval, pua na mdomo na mpaka wa Ufaransa, na kila siku watu zaidi ya 200,000 huvuka mipaka kuja kufanya kazi nchini humu, wengi wakitokea Ufaransa. Dukani Kifaransa, mgahawani Kifaransa, na vibarua vya wanafunzi hivyo hivyo. Rafiki yangu Mkongo wa Bukavu alipata kibarua mapema, mimi nilisota. Sasa yeye ananisomea barua za manispaa, mimi namnyooshea Kiingereza cha tasnifu, na kubishana tunabishana kwa Kiswahili, chake cha Kivu na changu cha Tanga. Kampuni za fedha zinazoajiri kwa Kiingereza zipo, ila foleni yake ndefu. Uraia nao una mtihani wa Kiluxembourg. Hilo tuliache kwanza.

Kwa hiyo, hiyo "nitajifunza nikifika" ifuteni. Ukifika una masomo, una kibarua, na una chumba cha kutafuta kwa kodi ya kulia machozi. Alliance Française, kituo cha kujifunzia Kifaransa, ipo Dar, ipo na Arusha. Mkishaweza kupiga simu kwa Kifaransa kuulizia chumba, nitumieni fomu zenu nizipitie.