Pima mlango wa boila kabla ya kununua mashine ya kuchanja kuni

Kwetu Mufindi kuni si habari ya jikoni peke yake. Majani ya chai yanakaushwa kwa joto la boila, na boila za huku zinakula milingoti, yaani mikaratusi. Mimi huu ni mwaka wa tisa nauza kuni hizo. Miaka minne ya mwanzo tulichanja kwa shoka, kabari na nyundo, vijana sita kutwa nzima, kisha tukaingia kwenye mashine. Siku hizi watu wananipigia simu kuuliza wanunue ipi, na karibu wote wanaanza na swali moja: inasukuma kwa nguvu ya tani ngapi? Nami nawauliza: mteja wako anataka kuni za urefu gani zipite kwenye mlango wa boila yake?

Wengi wameona video za mashine za Finland, kama Palax na Japa. Gogo zima linaingia upande mmoja, msumeno unakata, silinda inasukuma kipande kwenye kabari, mkanda unazibeba kuni hadi kwenye tela. Ni mashine nzuri sana kwa kazi yake, nayo ni kuni za majiko ya nyumbani kwenye nchi za baridi, vipande vya sentimita 25 hadi 50. Kiwanda ninachokiuzia kinataka kuni za mita moja. Nikikata vifupi, nimeongeza kazi ya msumeno na mzigo wangu unarudishwa getini.

Tena mashine ile inataka gogo lililonyooka. Sisi tunaonunua masalia baada ya wapasua mbao kuchukua yaliyo mazuri, tunabaki na yenye mafundo, panda na vigongo. Mwenzangu mmoja aliagiza mashine ya namna hiyo, na nilipomtembelea nilimkuta na mtaimbo mkononi, anang'oa gogo lililokwama, la tatu tangu asubuhi. Kama unauza vipande vifupi na una shamba lako la milingoti iliyonyooka, iangalie. Wengine tukate kwa cheni-soo kulekule shambani, halafu tutafute mashine ya kuchanja tu, inayopokea mita nzima.

Tukirudi kwenye tani, usiamini stika. Chukua futi upime silinda. Yenye kipenyo cha ndani cha milimita 100, kwa presha ya bari 200, inasukuma kama tani 16. Ya milimita 125 inafika karibu tani 25. Niliwahi kuonyeshwa mashine imeandikwa tani 30, silinda yake milimita 100. Hesabu haikubali. Kwa mlingoti wenye mafundo, mimi sishuki chini ya 125.

Lakini silinda nene bila pampu ya kutosha inakwenda kama kinyonga. Ya 125 inayosafiri mita moja na kidogo inameza zaidi ya lita 13 za oili. Pampu ya lita 40 kwa dakika itaichukua sekunde 20 kwenda tu, hujahesabu kurudi. Na pampu hiyo inahitaji injini: zidisha lita kwa bari, gawanya kwa 600, unapata kilowati. Hapo ni 13 na ushee, ongeza kidogo kwa kinachopotea njiani, unafika kama hosipawa 20. Injini ndogo ya petroli ya hosipawa 7 haiwezi kazi hiyo. Ndiyo maana nilichagua inayofungwa kwenye shafti ya nyuma ya trekta. Pampu ya hatua mbili inasaidia pia: inakwenda haraka gogo likiwa laini, ikikutana na fundo inapunguza mwendo na kuongeza presha.

Sasa niseme la koni. Zile mashine zenye koni ya skrubu inayozunguka ni rahisi, fundi yeyote wa kuchomelea anaweza kukutengenezea, na ndiyo niliyoanza nayo. Siku moja gogo lilizunguka pamoja na koni, likanasa mkono wa koti la kijana wangu. Mkanda wa injini ulichomoka, la sivyo angepoteza mkono. Alivunjika kifundo cha mkono. Sikuiuza kwa mtu mwingine. Injini niliitoa, koni nikaipeleka kwenye chuma chakavu. Nunua ya haidroliki, yaani ya silinda inayosukumwa na oili, yenye vishikio viwili, inayosimama ukiachia kimoja, na ukimkuta kijana amefunga kimoja kwa mpira wa baiskeli ili abaki na mkono huru, zima mashine palepale.

Mlingoti chanja ukiwa mbichi. Ukikauka mzima, nyuzi zake zinashikana na mashine kubwa inahangaika bure. Mbichi unafunguka, na ukishachanjwa unakauka upesi zaidi, maana ganda halizuii maji tena.

Usipige hesabu ya mkopo wa mashine kwa kutegemea kuziuzia shule kuni. Serikali imeshaziagiza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 ziachane na kuni na mkaa, na mkakati wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia. Ni jambo jema kwa mapafu ya wapishi wetu, na soko hilo linafungwa.

Mipira inayopitisha oili ya haidroliki ikague kila asubuhi kwa kipande cha boksi, usipitishe kiganja kamwe. Tundu dogo kama la sindano linatosha kuipenyeza oili chini ya ngozi, na hapo ni kukimbilia hospitali bila kusubiri maumivu.

Siku ya kununua nilipakia kwenye pikapu gogo langu baya kuliko yote, lenye panda mbili na fundo katikati. Muuzaji akasema hakuna haja ya kujaribu. Nilikaa mpaka alipowasha. Silinda ilifika kwenye fundo ikasimama, geji ya presha ikapanda hadi bari 190, ikatulia pale kama hesabu ya moja mpaka tatu, kisha gogo likalia na kufunguka. Ndipo nikatoa hela.