Barua kwa Mwanangu: Mfagiaji na Vumbi Lake

Mwanangu Maryamu,

Assalaam alaykum. Barua yako imenifikia hapa Wete na nimeisoma mara mbili. Unauliza kama ni kweli alivyoambiwa mumeo, kwamba virusi vya homa ya ini B haviliui ini vyenyewe bali ni kinga ya mwili wake inayolishambulia, na kama ni hivyo, kwa nini asipewe dawa ya kuituliza kinga hiyo.

Ni kweli. Chembe nyeupe za damu za aina ya T huitambua seli ya ini iliyoingiwa na virusi, zikaiua pamoja na mgeni wake. Lakini neno langu umelisikia tangu ulipokuwa hujui kushika ufagio: mfagiaji hahukumiwi kwa vumbi, na hapa mfagiaji ndiyo kinga.

Ini hupata kiasi cha robo tatu ya damu yake kutoka matumboni, na vijidudu vilivyopenya humo huja nayo. Ndani ya mishipa yake midogo hukaa seli za Kupffer, ambazo kazi yao ni kumeza. Ini likijeruhiwa, hizo hupiga mbiu. Neutrofili, chembe nyeupe za damu, hufika katika saa chache, zikifuatwa na chembe nyeupe nyingine, monosaiti, ambazo hugeuka kuwa makrofaji, yaani seli kubwa za kumeza. Mwanzoni wageni hawa huukoleza moto wa uvimbe. Wakishaanza kumeza mabaki ya seli zilizokufa hubadilika tabia: huutuliza uvimbe, huzihimiza seli zilizosalia zigawanyike, na hutoa vimeng'enya vya kukata nyuzi za kovu. Katika panya imeonekana kwamba makrofaji wanaolisafisha kovu wametokana na monosaiti wale wale waliokuja na moto.

Wewe mjomba wako Hamadi unamjua kwa picha ya ukumbini tu. Aliugua katikati ya msimu wa karafuu, macho yamekuwa manjano na mkojo rangi ya chai kavu. Kila asubuhi nilimtoa damu mwenyewe, nikaipima mwenyewe. Siku nne kimeng'enya cha ALT, ambacho seli za ini humwaga zinapopasuka, kilikuwa kikipanda. Siku ya tano kikashuka hadi nusu. Nilirudi nyumbani na karatasi mkononi, nikamwambia bibi yako kwamba mwanawe anapona, naye akakaanga maandazi akawagawia watoto wa chuoni. Kichupa cha damu ya asubuhi ile nilikuwa nimekiacha kwenye kishikio. Niliporudi kazini jioni nilikiinamisha, na damu ikateleza mle ndani kama maji ya ukwaju. Ilikuwa haijaganda, kwa sababu ini ndilo linalotengeneza vitu vya kuigandisha, na ALT ilikuwa imeshuka kwa kuwa seli za kuimwaga zilikuwa zimekwisha. Usiku huo Hamadi aliniita kwa jina la shangazi yetu aliyekwisha kufa. Siku ya tatu tulimzika.

Utasema basi mfagiaji alibomoa nyumba. Nami hujiambia hivyo, kisha hujibishana na nafsi yangu. Watu wazima wakiambukizwa, zaidi ya 95 katika kila 100 huvifukuza virusi kwa vita hivyo hivyo, ilhali watoto wanaoambukizwa wakati wa kuzaliwa, ambao kinga yao haipigani kwa nguvu, karibu 90 katika 100 hubaki navyo. Hata hivyo, nikimfikiria mumeo, ambaye huenda amefagiwa kidogo kidogo kwa miaka 20, nakiri kwamba ufagio nao huila sakafu: uvimbe usiokoma huziamsha seli za ini ziitwazo seli za nyota, zikaiacha akiba yao ya vitamini A na kuanza kusuka kolajeni, nyuzi za kovu, mpaka ini likakakamaa.

Lakini kinga ikishushwa kwa dawa, virusi hivi huweza kufumka upya, na siku kinga inaporudi hukuta seli nyingi zaidi zilizoingiwa na virusi, ikaziua. Ndiyo maana tiba kama dawa ya tenofoviri huvizuia virusi visizaliane, na kinga haiguswi. Vikipungua, mapigano hupungua, na kwa wengi kovu hulegea kadiri miaka inavyokwenda. Bado nasema mfagiaji hahukumiwi kwa vumbi.

Najua ulitaka nikuambie aanze dawa au angoje. Ulimi unaniwasha, wallahi, na jibu ninalo. Ila damu yake sijaiona, na niliwahi kutamka kabla sijakitazama kichupa, na maandazi yakaliwa. Muulizeni daktari wake. Kisha nitumie majibu yote, si ALT peke yake, na lile la kuganda kwa damu liandike juu kabisa.

Mamaako,
Wete