Mwani "mwekundu" ulio kijani

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nilikuwa Jambiani maji yamekupwa, nikawakuta kina mama wakivuna mwani wa kijani kabisa. Kibao cha ghala la karibu kimeandikwa "mwani nyekundu". Kilichokosewa ni rangi au sarufi?

JIBU: Marahaba. Ni sarufi. Mwani huchukua u-: mwani huu, mwani umekauka. Basi ni mwani mwekundu, kama mti mwekundu. "Nyekundu" ni ya nguo na kalamu, ila siku hizi imegeuzwa jina la rangi, inabandikwa popote. Nimeshasikia hata "kitambaa nyekundu", masikio yakaniuma. Kibao hakihitaji kuandikwa upya: ny itoke, mw iingie. Na wingi usikusumbue. Sema aina mbili za mwani, "miani" iache.

Rangi, je? Wanabiolojia hugawa mwani katika makundi matatu, mwekundu, wa kijani na wa kahawia, na kila kundi lina chembe zake za rangi. Huo ulioona una chembe nyekundu ndani hata kama jicho linaona kijani. "Mwekundu" hapo ni jina la ukoo, kama Bwana Mfupi anayeinama kupita mlangoni.

Zanzibar, tangu kilimo cha biashara kianze mwaka 1989 kwa mbegu za Ufilipino, hupandwa hasa aina mbili: spinosamu na kotonii. Spinosamu ni Kilatini, "wenye miiba". Shika tawi lake: ni jembamba, na vijimiiba vimelizunguka pete kwa pete. Kotonii ni nene na laini zaidi. Bei yake ni nzuri, lakini maji ya kina kifupi yakipata joto mwani huo huparara, ukawa mweupe na kukatika. Ndiyo maana wengi Unguja wamebaki na spinosamu.

Unapopandwa ndipo pwani yenyewe, kwa maana ya asili ya neno: pwani ni panapokupwa. Vijiti huchomekwa mchangani, kamba ikafungwa kati yake, na kazi hufuata bamvua, maji yanapokupwa hadi mbali.

Ila yale majani marefu, bapa, yanayoota humo humo mchangani, ni majani ya bahari. Wapo wanaoyaita mwani pia, na mtaani siwakatazi. Kwenye maandishi ningeyatenga: yana mizizi na hutoa maua, mwani hauna hiki wala kile.