Barua kwa mwanangu: kuhusu wanajeshi wetu walioko Somalia

Eldoret

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako niliusoma juzi usiku, nikaurudia alfajiri kabla sijatoka. Umesema mtoto wa mjomba wako yumo katika kikosi kinachokwenda Somalia, na ukaniuliza: "Mama, ungekuwa na uwezo, ungewarudisha wanajeshi wetu leo?" Jibu lake halitoshi kwa simu, ndiyo maana nimekaa kukuandikia.

Ningewarudisha. Lakini si kwa usiku mmoja, na kwanza ningetaka tuambiwe jambo ambalo tangu Januari 2016 hatujaambiwa.

Unaikumbuka Ijumaa ile, tarehe 15? Wapiganaji wa al-Shabaab walivamia kambi ya jeshi letu ya El Adde alfajiri, kule Gedo, upande wa pili wa mpaka wa Mandera. Vijana wengi waliokuwa pale walitoka hapa kwetu, kambi ya jeshi ya Moi Barracks. Jirani yetu wa nyumba ya kona, yule aliyekuwa akikusuka nywele, mwanawe alikuwa huko. Nilishinda naye jikoni. Mezani palikuwa na sinia la mchele aliouchagua nusu akauacha. Anapiga simu, anaweka sauti kubwa, sote tunasikia: "Mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa." Anakata, anapiga tena. Chaji ilipokaribia kuisha akaichomeka ukutani, akachuchumaa pale chini kando ya waya akaendelea kupiga, asitake imtoke mkononi hata dakika moja. Ilipoingia magharibi nilijaribu kumwinua, akakataa.

Tarehe 27 ibada ya kumbukumbu ikafanyika hapa hapa kambini. Marais watatu walikuja: Uhuru Kenyatta, Hassan Sheikh Mohamud wa Somalia na Buhari wa Nigeria. Maneno mazuri yalisemwa. Idadi ya waliokufa haikusemwa. Baadaye Rais wa Somalia alieleza kwenye televisheni kwamba walikaribia 200. Jeshi letu likakanusha, lakini hesabu yake lenyewe halikuitoa.

Sasa niambie, mwanangu, watu wanapobishana bungeni na kwenye matatu kwamba jeshi litoke au libaki, wanapima kwa mizani gani? Anayesema gharama imezidi hajui gharama. Anayesema tuvumilie hajui tunavumilia nini. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Sikufichi kwamba Oktoba 2011, jeshi letu lilipoingia Somalia, nilikuwa upande wa walioshangilia. Watalii walikuwa wametekwa Lamu, mmoja akauawa, kisha wahudumu wawili wa misaada, Wahispania, wakachukuliwa kwenye kambi ya wakimbizi ya Dadaab. Niliona serikali isiyojibu si serikali. Mwaka uliofuata jeshi likaingia Kismayo, mji wa bandari wa Somalia, nikaona mambo yanakwenda. Halafu al-Shabaab wakaanza kutuua kwetu: jumba la maduka la Westgate, Nairobi, watu 67. Mpeketoni. Na Aprili 2015 Chuo Kikuu cha Garissa, watu 148, wengi wao wanafunzi wa rika lako. Usiku ule nilikupigia simu mara tatu, ukadhani naumwa.

Katika miaka hiyo sauti za kutaka wanajeshi watoke zikawa nyingi. Raila Odinga, aliyekuwa Waziri Mkuu jeshi lilipovuka mpaka, mwaka 2014 naye alidai warudi. Hoja yao naielewa: tumewafuata nyumbani kwao, nao wametufuata kwetu. Ila yule anayesema tukitoka kesho mpaka utatulia, mimi simwamini. Tazama Ethiopia. Iliingia Desemba 2006, ikaondoka Januari 2009, na mara tu majeshi yake yalipotoka Baidoa, mji uliokuwa na bunge la mpito, al-Shabaab wakauchukua. El Adde yenyewe, wetu walipohama baada ya shambulio, wakaikalia haohao. Raia wa mji wanaoachwa hivyo ndio wanaolipa kwanza, na wale ni majirani zetu. Kuna Wasomali Wakenya wenye shangazi na wajomba ng'ambo ya mpaka.

Lakini na huyu anayesema tubaki mpaka kazi iishe, aseme kazi ni ipi. Kikosi cha Umoja wa Afrika kule Somalia, ambacho wanajeshi wetu wamo, kiliitwa AMISOM, 2022 kikawa ATMIS, Januari 2025 kikawa AUSSOM. Kila jina lilikuwa na ratiba yake ya kukabidhi kazi kwa jeshi la Somalia, na vijana wetu bado wako kule.

Kwa hiyo ningefanya hivi: kila kambi ipewe tarehe yake, ikabidhiwe kwa Wasomali walio tayari kuilinda, wakazi wa Mandera, Wajir, Garissa na Lamu waambiwe mapema na waongezewe ulinzi. Na kabla ya yote, majina ya waliokufa yasomwe hadharani, mmoja mmoja, hata kama yatachukua asubuhi nzima.

Mpwa wangu atapita hapa Jumamosi. Nitamchinjia kuku. Sitamwambia asiende, kwa kuwa ameapa na kazi yake naiheshimu. Jirani yetu amesikia, ameomba aje amwone kabla hajaondoka, nami nimemkaribisha. Nawe mpigie, usingoje mpaka awe ameripoti.

Ni mimi mama yako.