Unasoma usanifu wa ndani? Anza na futi, picha zitafuata

Picha nzuri ya sebule kwenye kompyuta itakupa alama darasani, lakini fundi hajengi kwa picha. Fundi wa Keko, eneo la mafundi samani Dar es Salaam, atakuuliza kabati lina kina gani, mlango unafungukia wapi, bawaba ni za aina gani, ubao ni wa unene upi. Ukikosa majibu ataamua mwenyewe, na kazi itakayotoka itakuwa yake. Ndiyo maana kwa anayesoma fani hii, awe Chuo Kikuu Ardhi au kwingineko, tunasisitiza jambo moja: miaka ya chuo itumie kujifunza kupima, kuhesabu na kuvijua vifaa. Programu za picha hubadilika kila mara na utazijua tu. Jicho la kipimo huchelewa kukomaa.

Kupima chumba kuna utaratibu wake. Chora kwanza umbo la chumba kwa mkono, kisha anzia mlangoni na uzunguke kwa mwelekeo mmoja. Kila ukuta upime mara tatu: karibu na sakafu, usawa wa kiuno, na karibu na dari, kwa sababu ni nadra plasta kunyooka sawasawa. Pima pia kona kwa kona, mishazari yote miwili. Ikitofautiana, ujue kuta zimekaa upande. Soketi, swichi, dirisha na bomba la maji ya kiyoyozi vyote viandikie umbali kutoka kona moja ileile. Ukipima kipande kwa kipande halafu ukajumlisha, makosa ya milimita mbili tatu hurundikana.

Tuseme kuna kabati la nguo la kuingia kati ya kuta mbili. Chini umepata milimita 2400, juu 2385. Ukichora 2400, haliingii. Kipimo kidogo ndicho kinachotawala: boksi la kabati lichore 2365, na nafasi inayobaki izibwe kwa vipande vyembamba vya ubao ambavyo fundi atavichonga kufuata ukuta. Kimo nacho kina mtego wake. Kabati la kimo cha 2400 na kina cha 600 likiunganishwa limelala sakafuni, wakati wa kulisimamisha kona yake hufika karibu 2475. Dari ikiwa 2450, halisimami. Ligawe maboksi mawili, la chini na la juu.

Vigae vinawaumiza wengi zaidi, kwa hiyo tuvihesabu hapa. Chumba cha mita 4.3 kwa 3.7 kina mita za mraba 15.91. Kigae cha sentimita 60 kwa 60 hufunika 0.36, hivyo hesabu ya eneo inakupa vigae 45. Ukiweka asilimia 10 ya kuvunjika unafika 50. Sasa vipange kwenye mchoro. Ukianzia kona moja, upande wa pili unabaki ukanda wa sentimita 10, ambao unaonekana vibaya tangu mlangoni na huvunjika wakati wa kukata. Punguza safu moja ya vigae vizima kwenye urefu na moja kwenye upana, kisha ziada igawe sawa kushoto na kulia. Utapata vigae vizima 6 kwa 5, na kando zote vipande vya sentimita 35, ukiacha unene wa groti, ile saruji ya kujazia kati ya vigae. Lakini kigae kimoja hakitoi vipande viwili vya 35, maana kinachobaki ni 25 tu. Mahitaji yako halisi ni 8 kwa 7, yaani vigae 56. Kama boksi lina vinne, nunua maboksi 14 na moja la akiba. Aliyeagiza 50 atarudi Kariakoo kutafuta vingine, na bechi (mkupuo wa kiwandani) ikiwa imebadilika, rangi hazitalingana. Soma namba ya bechi kwenye kila boksi kabla mzigo haujapakiwa. Mabaki ya sentimita 25 usiyatupe: kila moja linatoa vipande viwili vya sentimita 10 vya skatingi, ukanda wa chini ya ukuta.

Hesabu kama hiyo ipo kwenye mbao za karatasi. Plaiwudi au MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa) huja 2440 kwa 1220, na msumeno hula milimita tatu au nne kila unapopita. Kina cha 600 kinakupa kanda mbili kwa karatasi. Ukichora 620 kwa kupenda tu, unapata moja, na gharama ya mteja inapaa bila faida yoyote.

Pwani hewa ina unyevu na chumvi. MDF ya kawaida chini ya sinki huvimba bomba likivuja kidogo tu. Pale weka plaiwudi ya kuhimili maji. Bawaba ziwe za chuma kisichoshika kutu. Mninga uliokauka vizuri hutulia, lakini mbao mbichi, hata ya mti bora, hupinda ikishaingia kwenye chumba cha kiyoyozi.

Taa: usichague kwa wati. Soma lumeni, yaani kiasi cha mwanga, na rangi ya mwanga kwa kelvini; 2700 hadi 3000 kwa sebule na chumba cha kulala, 4000 kwa jikoni. Balbu za 6500 sebuleni zitaiua rangi ya mbao uliyoilipia.

Ukienda fildi, omba upelekwe karakana na saiti, usikubali kukaa ofisini ukipamba picha muda wote. Angalia kaunta ya jiko inavyojengwa, kimo cha 850 hadi 900 na kina cha 600, uone fundi anapokwama kwenye mchoro. Hapo ndipo mchoro wako unaofuata unapopaswa kuwa na maelezo zaidi.

Jalada la kazi la kuombea ajira lisizidi kurasa 20. Kazi nne zilizokamilika zinatosha, na angalau moja iwe na mpango wa skeli ya 1:50, michoro ya kuta ya 1:20, maungio ya 1:5 na mchanganuo wa gharama. Mwajiri anayejua kazi atafungua ukurasa wa maungio kwanza. Tanzania taaluma hii iko chini ya Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, AQRB. Ulizia masharti yao ungali chuoni, na tunza kumbukumbu za kila kazi uliyoshiriki, zikiwa na sahihi ya msimamizi.

Ukianza kupokea wateja, hata ndugu na jamaa, andika makubaliano: michoro mingapi, marekebisho mara ngapi, nani ananunua vifaa, malipo yanakuja kwa awamu zipi. Ada ya ubunifu itenge na fedha za vifaa. Zikichanganyika, bei ya vigae ikipanda wewe ndiye utakayefidia. Michoro ya kujengea itoke baada ya awamu yake kulipwa.