Je, ninaweza kumeza dawa mbili za kukata hamu ya kula kwa pamoja?

SWALI: Docta, salamu. Mimi ni mama wa miaka 43, ninaishi Katuba, hapa Lubumbashi. Nilipoanza matibabu nilikuwa na kilo 98. Daktari wa Johannesburg aliniandikia fentamini ya miligramu 30, kidonge kimoja kila asubuhi. Sasa ni mwezi wa nne. Nimepungua kilo 4, kisha uzito umesimama. Binamu yangu ameniletea kutoka Kasumbalesa vidonge vyake vya sibutramini, akisema kwamba daktari wake ndiye aliyemwandikia. Kwa kuwa zote mbili ni dawa za daktari, ninaweza kuzimeza pamoja? Ninakunywa pia amlodipini ya tansiyo na, tangu mwezi uliopita, fluoksetini ya huzuni.

JIBU: Mama, usizimeze pamoja, wala usizipokezane, leo hii na kesho ile, kwa sababu fentamini huchukua siku kadhaa kabla ya kuisha mwilini.

Fentamini huuchochea mwili kutoa kwa wingi kemikali iitwayo noradrenalini, na ndiyo sababu njaa hupungua. Lakini kemikali hiyohiyo huongeza mapigo ya moyo na hubana mishipa ya damu. Sibutramini huizuia noradrenalini isirudishwe inakotoka, kwa hiyo ile ambayo dawa ya kwanza imeitoa hubaki ikifanya kazi muda mrefu zaidi. Njaa haitapungua mara mbili, ila moyo utabeba mzigo wa dawa zote mbili, na wewe tayari una tansiyo. Amlodipini itakuwa inalegeza mishipa ambayo vidonge vingine vinaibana. Tena sibutramini yenyewe, hata bila mwenzake, iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010, baada ya utafiti kuonyesha kwamba wagonjwa wenye maradhi ya moyo walioitumia walipata mshtuko wa moyo na kiharusi zaidi kuliko wale ambao hawakupewa dawa hiyo.

Hoja yako kwamba kila dawa iliandikwa na daktari ninaielewa, na nitakaa juu yake kidogo, kwa sababu historia ina jibu lake. Nchini Marekani fentamini iliidhinishwa mwaka 1959, na fenfluramini, dawa nyingine ya kukata hamu ya kula, mwaka 1973, kila moja peke yake. Katika miaka ya 1990 madaktari walianza kuziandika pamoja, ingawa mchanganyiko huo haukuwahi kuidhinishwa. Mwaka 1997 madaktari wa Mayo Clinic, hospitali ya Marekani, waliripoti wanawake 24 waliotumia dawa hizo mbili na ambao vali za moyo wao (milango inayozuia damu isirudi nyuma) zilikuwa zimenenepa na kuvujisha damu. Wengine walikuwa na shinikizo kubwa katika mishipa ya mapafu. Mwaka huohuo fenfluramini iliondolewa. Baadaye ilieleweka kwamba ikivunjwa mwilini hutoa kemikali inayozifanya seli za vali ziongezeke. Benfluoreksi, dawa nyingine iliyouzwa Ufaransa kwa jina la Mediator, hutoa kemikali hiyohiyo, nayo ilibaki sokoni huko hadi 2009. Wagonjwa wote hao walikuwa na vyeti vya daktari mkononi.

Upo mchanganyiko mmoja wa fentamini na dawa nyingine, topiramati, ulioidhinishwa Marekani mwaka 2012. Huo ulijaribiwa kwa wagonjwa ukiwa kidonge kimoja, na fentamini iliyomo haizidi miligramu 15, yaani nusu ya dozi yako.

Linalonisumbua zaidi katika barua yako ni fluoksetini, ambayo umeitaja kana kwamba ni jambo dogo. Fluoksetini huongeza serotonini, kemikali nyingine ya mwili, na sibutramini nayo huiongeza. Serotonini ikizidi mno mtu hutetemeka, hutoka jasho, huhara, hupata homa, misuli hukakamaa na akili huchanganyikiwa. Hali hiyo inaweza kuua. Fluoksetini na fentamini, unazomeza sasa, nazo hazipaswi kutumiwa pamoja bila daktari kujua. Ninashuku kwamba daktari wa Johannesburg hajui habari za fluoksetini, na aliyekuandikia fluoksetini hajui habari za fentamini. Weka vidonge vyote, pamoja na chai au kahawa yoyote ya kupunguza uzito, katika mfuko mmoja, umpelekee daktari mmoja wiki hii. Chai na kahawa hizo ninazitaja kwa makusudi, kwa sababu mara nyingi zimekutwa na sibutramini isiyoandikwa kwenye pakiti. Fluoksetini usiiache kwa uamuzi wako. Ukipata maumivu ya kifua, ukiishiwa pumzi kwa mwendo mfupi, miguu ikivimba au ukizimia, nenda Sendwe au hospitali yoyote iliyo karibu siku hiyohiyo.

Kuhusu uzito uliosimama: fentamini hutolewa kwa muda mfupi, kwa kawaida wiki zisizozidi 12, na wewe umeshapita hapo. Madaktari wengi huhesabu kwamba dawa ya uzito isiyopunguza asilimia 5 ndani ya miezi 3 haifai kuendelezwa. Kwako asilimia 5 ni karibu kilo 5, nawe umepungua 4. Kwa hiyo swali la kumuuliza daktari ni namna ya kuiacha fentamini na kupimwa tansiyo upya. Akitaka kukupa dawa nyingine ya uzito, aichague akiwa ameuona mfuko wote.