Hoteli ya minara iliyogeuka chuo: maswali yenu

Wiki iliyopita niligusia Tampa Bay Hotel, ile hoteli ya kifahari ya Tampa, Florida, huko Marekani, ambayo saivi ni jengo la Chuo Kikuu cha Tampa. Maswali yamemiminika, nayajibu hapa hapa.

Nimeona picha yake, juu ina minara na miezi miandamo. Zamani ulikuwa msikiti? (Msomaji, Mikindani)

Hapana shehe, haujawahi kuwa msikiti hata siku moja. Mwenyewe Henry Plant alikuwa tajiri wa reli na meli, akataka hoteli isiyofanana na ya mtu mwingine, na enzi zile matajiri wa kule walikuwa wamepagawa na majengo ya Kiarabu na Kituruki, basi mchoraji wake John Wood akamwekea minara 6, na ukijumlisha na makuba makubwa kwa madogo unapata 13, kila kimoja na mwezi wake juu. Sasa kichekesho, wenyeji wanakwambia eti hiyo 13 ni hesabu ya miezi ya Kiislamu. Mtoto wa madrasa hapo Mikindani hata ukimwamsha usiku wa manane atakuhesabia 12, Muharram mpaka Dhulhija, na atarudi kulala.

Kwa hiyo ni chuo cha dini? (Lindi)

Aa wapi. Hilo neno letu chuo, ambalo huku pwani ni madrasa pia, ndo linachanganya watu. Ni chuo kikuu cha kawaida, hakuna juzuu pale.

Mimi fundi wa Chikongola, nauliza lilijengwa na nini mpaka leo limesimama?

Matofali na zege, na ndani ya zege walizamisha vyuma vya reli, yaani Plant alikuwa na kampuni ya reli kwa hiyo nondo hakuenda kununua dukani. Walitaka lisiungue, maana hoteli nyingi za wakati ule zilikuwa za mbao, moto ukiingia asubuhi unakuta majivu. Kazi ilianza 1888, wakafungua Februari 1891, vyumba 511, umeme upo, lifti ipo, simu ipo. Ujenzi peke yake ulikula kama dola milioni 2.5, samani mbali!

Kama lilikuwa zuri hivyo mbona hoteli ilikufa?

Msimu bana. Sisi tunaoishi kwa korosho hatuhitaji kuelezwa sana. Wateja walikuwa matajiri wa kaskazini wanaokimbia baridi, wanakuja miezi michache ya mwanzo wa mwaka, wakiondoka linabaki jumba na gharama zake. Kuna mwaka ule wa 1898 lilijaa maofisa wa jeshi wakisubiri meli za kwenda vitani Cuba, Theodore Roosevelt, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, akiwa miongoni mwa waliopita Tampa, lakini vita sio biashara ya kutegemea. Plant akafariki 1899, na mwaka 1905 halmashauri ya mji ikalinunua kwa dola 125,000 tu, hebu linganisha na hiyo milioni 2.5. Likajikongoja, uchumi wa dunia ulipoanguka likaishiwa kabisa. Wakati huo kulikuwa na kachuo kalikoanza 1931 kanasomea kwenye jengo la sekondari, ndo kakahamia hotelini 1933.

Huku kwetu kitu kama hicho kinawezekana? (Shangani, Mtwara)

Kwetu kilienda kinyumenyume. Boma la Mikindani, la Wajerumani, la mwaka 1895, lilikaa gofu miaka mingi mpaka likakarabatiwa likawa hoteli, na vijana wa pale pale wakafundishwa kazi za hoteli humo ndani. Mi naona ni akili ile ile: jumba likipata watu wa kuingia na kutoka kila siku paa linazibwa, likikaa tupu popo wanahamia. Ukipita mtaa wa zamani wa Mikindani utayaona yaliyokosa bahati hiyo.

Chuo kinalipa kodi ya pango?

Ndio, kinalipa manispaa dola 1 kwa mwaka. Mwenye nyumba wangu naomba asisome hapa.